Kufundisha Uunganishaji wa Kadi za Mtandao

Mwalimu aanzaye somo la seva kwa kuchora mashine ubaoni hupoteza dakika kumi za mwanzo, kwani aghalabu watoto hawajapata kuiona. Yafaa aanze na wanachokijua. Kwa mtoto wa Buguruni, hicho ni barabara. Mtu aendaye Kariakoo aweza kushika Barabara ya Uhuru kupitia Ilala, au kuzunguka kwa Barabara ya Mandela hadi TAZARA, kisha akaingia Barabara ya Nyerere, ambayo wazee wangali wakiiita ya Pugu. Waulizwe: Uhuru ikizibwa, je, Kariakoo haifikiki?

Ndipo waelezwe kwamba seva ni kompyuta inayozihudumia nyingine nyingi, na kadi ya mtandao ndiyo mlango wake. Waya ukichomoka, wote wanaoitegemea hukwama. Kwa hiyo mafundi hutia kadi mbili au zaidi, wakaziunganisha kwa programu zionekane kuwa kadi moja. Kazi hugawanywa baina yao, na moja ikifa nyingine huendelea. Kanuni ya kufanya hivyo ilitolewa na IEEE mwaka 2000.

Hapa mwalimu awe mwangalifu. Ni rahisi kuwaambia wanafunzi kwamba kadi mbili huongeza kasi mara mbili, nao wataliamini jambo hilo miaka mingi. Kwa kawaida si kweli kwa mtu mmoja anayenakili faili moja: vifurushi vyake vyote hupita njia moja ili vifike kwa mpangilio. Faida huonekana wanapokuwapo watumiaji wengi.

Jambo hili huthibitishwa kwa mchezo. Wanafunzi wawili wawe kadi, mmoja awe mgawaji, mwingine mpokeaji. Vitengenezwe vikaratasi vya rangi nne, kila rangi ikiwa na namba 1 hadi 6. Kila rangi iwe na mchukuzi wake mmoja, asibadilishwe. Kisha kanuni hiyo iondolewe, wachukuzi wabebe chochote: namba zitamfikia mpokeaji zimevurugika. Mwisho mchukuzi mmoja aketishwe. Mwenzake atabeba zote, polepole, lakini zitafika. (Darasa litapiga kelele, si hasara.)

Limebaki swali gumu kuliko yote, nalo huachwa mara nyingi. Kadi mbili zikichomekwa katika swichi moja, na swichi ikazimika, zote mbili hazina kazi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu siku moja baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Nyaya zilikuwa mbili, bahari moja.

Kwa zoezi la nyumbani, wanafunzi wachore ramani ya njia zile mbili za Kariakoo, watie alama mahali Uhuru na Mandela zinapokutana, papo hapo Buguruni, kisha waandike itakuwaje makutano hayo yakifungwa.