Mtoto Mwenye Usonji: Pesa ya Tiba Itoke Wapi?

Kwa kiongozi wa somo: Soma hadithi hii polepole mbele ya kikundi chote, kisha nyamaza kidogo kabla ya kuuliza swali. Kama katika kikundi kuna mzazi ambaye hadithi inamgusa, usimtaje. Atasema mwenyewe akitaka.

HADITHI

Mama mmoja wa upande wa Moiben alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa na mtoto wa kiume wa miaka minne. Mtoto huyo alikuwa na maneno machache alipofika mwaka mmoja na nusu, halafu yakapotea. Ukimwita jina haangalii. Anazungusha kifuniko cha sufuria tangu asubuhi mpaka jioni, na mashine ya kusaga mahindi ikianza kunguruma anaziba masikio na kulia. Nyanya yake alisema ni jicho la watu. Jirani akasema mama amemdekeza. Wakaenda kwa mganga, wakaenda kwa maombi ya usiku, wakanunua dawa ya minyoo. Mwishowe daktari wa mjini Eldoret ndiye aliyempa mama jina la hali hiyo: usonji. Akaambiwa amlete mtoto kila wiki kwa tiba ya kuongea na mazoezi ya mikono na ya kazi za kila siku.

Mama akauza ng'ombe mmoja. Pesa ilienda miezi mitano. Mtoto akaanza kuonyesha kwa kidole kitu anachotaka, akajifunza kukaa chini wakati wa kula. Pesa ikaisha, mama akauza ng'ombe wa pili. Nilipomtembelea, chai ilikuwa ya rangi, na safari za mjini zilikuwa zimekoma. Akaniambia, "Mwalimu, sasa nimebaki na kuku tu. Nikiwauza wote nitapata wiki moja."

Uliza kikundi: Mama huyu alikosea wapi? Waache wazungumze. Wengine watasema hakukosea popote, na hao wana haki ya kusikilizwa.

USONJI NI NINI

Ni tofauti katika jinsi ubongo wa mtoto unavyokua. Inaonekana katika kuongea, kucheza na wenzake, kurudiarudia jambo moja, na kusumbuliwa sana na kelele, mwanga au nguo fulani. Watoto hawafanani: mmoja hasemi kabisa, mwingine anasema sana lakini juu ya kitu kimoja tu. Daktari Leo Kanner wa Marekani ndiye aliyeandika juu ya watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, kwa hiyo si ugonjwa ulioletwa juzi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Hesabuni watu wa kijiji chenu mwone.

Hauletwi na laana. Hauletwi na mama aliyekosa kumpenda mtoto. Hauletwi na chanjo: ile ripoti ya mwaka 1998 huko Uingereza iliyowatia watu hofu ya chanjo ya surua ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010. Watafiti wa Kilifi waliochapisha kazi yao mwaka 2015 waliwasikia wazazi wa pwani wakitaja mapepo, uchawi na laana, maneno yale yale tunayoyasikia huku kwetu. Hivyo tusidhani ni ujinga wa kabila moja.

Mimi mwenyewe sina la kujisifu. Katika masomo yangu ya diploma neno usonji sikulisikia hata mara moja, na mama wa kwanza aliyeniletea mtoto asiyeongea nilimwambia, "Vumilia, wavulana huchelewa." Alivumilia miaka miwili kwa sababu yangu. Miaka hiyo ndiyo mtoto anashika mambo haraka kuliko mingine, na sina namna ya kumrudishia.

Usonji hauponywi kwa dawa wala sindano. Mtu akikuuzia chupa ya kuuponya, funga mkoba. Kinachosaidia ni kufundishwa hatua ndogo ndogo, mara nyingi, kwa muda mrefu. Na hapo ndipo shida ya pesa inapoanzia.

HESABU

Chukueni ubao au karatasi kubwa. Bei hizi ni za mfano tu, wekeni zenu. Tuseme nauli ya kwenda mjini na kurudi ni shilingi 400, tiba ni 1,000, na chakula cha njiani ni 150. Jumla ni 1,550 kwa safari moja. Kila wiki ni 6,200 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 74,400. Bado hatujahesabu siku ambayo mama hakupalilia.

Sasa angalieni mapato. Sisi wa Uasin Gishu tunavuna mahindi mara moja kwa mwaka, lakini tiba inadai kila wiki. Pesa ya mahindi ikifika, karo na mbolea ziko mlangoni zikingoja. Maziwa ndiyo hulipa kila mwezi. Yule mama aliuza kile kitu kimoja ambacho kingeweza kulipia tiba bila kuisha. Simlaumu, maana hakuna aliyekaa naye akapiga hesabu. Daktari alimwambia "kila wiki," na yeye akafikiri ikipungua hapo ni sawa na bure.

Si bure. Tulirudi naye kwa yule mtaalamu, tukamwuliza waziwazi: "Kama mama anaweza kuja mara moja tu kwa mwezi, afanye nini siku zile zingine?" Mtaalamu hakukasirika. Alimwonyesha mazoezi matatu ya nyumbani na kumwambia arudi baada ya wiki nne. Ulizeni swali hilo siku ya kwanza, kabla ya kuuza mnyama.

Safari moja kwa mwezi ni 1,550. Kikundi cha wanachama 25, kila mmoja akitoa shilingi 20 kwa wiki, mbali na ile ya meri-go-raundi, kinapata 500 kwa wiki na 2,000 kwa wiki nne. Safari imelipwa na 450 imebaki. Mweka hazina aiandike katika kitabu chake peke yake, isichanganywe na mikopo.

Mtaniuliza, mbona tusifanye harambee? Harambee ni nzuri kwa jambo lenye mwisho: upasuaji, mazishi, paa la darasa. Ukifanya harambee ya usonji watu watatoa, watashangilia, na mwaka ujao watauliza, "Kwani huyo mtoto hajapona?" Nimeona mama akifichwa na aibu ya swali hilo mpaka akaacha kuja kanisani. Afadhali shilingi 20 isiyokoma.

MILANGO YA KUBISHA

Kwanza hospitali. Mjini Eldoret kuna Hospitali ya Rufaa ya Moi, na hospitali yake ya watoto, Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka 2015. Anzeni na hospitali iliyo karibu nanyi mpate barua ya rufaa. Bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kwa asiye na mshahara kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kuwa na SHA hakumaanishi kila tiba imelipwa. Uliza dirishani kabla ya kikao: "Hii iko ndani ya SHA ama ni ya mfukoni?"

Pili, kadi ya ulemavu. Mtoto hupimwa na madaktari wa hospitali ya serikali, fomu inajazwa, kisha anaandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wazazi wengi hukataa kadi hii wakisema, "Mtoto wangu si kilema." Naelewa uchungu huo. Lakini bila kadi jina lake haliko mahali popote serikali inapohesabu, na baraza hilo lina mfuko unaosaidia karo, vifaa na miradi ya vikundi. Kikundi kinachoomba kiwe na cheti cha kusajiliwa, akaunti ya benki na kumbukumbu za mikutano. Kuna kikundi kimoja ninachokijua kilichokosa kwa sababu kitabu cha kumbukumbu kililiwa na panya. Msicheke, wekeni chenu ndani ya debe.

Tatu, Inua Jamii. Familia maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, anayehitaji kuangaliwa wakati wote, inaweza kuwekwa kwa orodha ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpango huo ulianza mwaka 2011. Pesa huchelewa, kwa hiyo msiipangie safari kabla haijafika. Chifu na naibu wake wanajua uandikishaji ukianza.

Nne, shule. Vituo vya kupima watoto kielimu, vinavyoitwa EARC, vilianza Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmaki. Ofisi ya elimu itawaelekeza. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Mwalimu mkuu akisema "huyu hatumwezi," mwombeni kwa heshima aandike hivyo kwa barua. Mara nyingi kalamu inakuwa nzito, na mazungumzo yanaanza upya.

Tano, bajeti ya kaunti, na hapa vikundi vyetu vimelala. Hospitali zetu za chini ziko mikononi mwa kaunti. Makadirio ya matumizi yanatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Wananchi huitwa kutoa maoni, na wanaokwenda ni wenye kutaka barabara. Tumeni watu watano na ombi moja tu: mtaalamu wa tiba katika hospitali yetu ya karibu, hata kama ni siku mbili kwa wiki. Nauli ya wazazi kumi ingepungua kwa siku moja. Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri mrudi nayo.

WALIOANZA BILA KITU

Mwaka 2003 wazazi wa Nairobi waliunda Chama cha Usonji cha Kenya. Hawakujenga shule. Walikwenda shule ya serikali, City Primary, na mwaka ule ule kitengo cha watoto wenye usonji kikaanza hapo. Chumba kilichokaa wazi katika shule yenu au katika parokia kinafaa kwa mwanzo. WHO nayo imetengeneza mafunzo ya wazazi na walezi, vikao 9 vya kikundi na ziara 3 nyumbani, yanayoweza kuendeshwa na watu wasio madaktari wakifunzwa vizuri. Mkiwa wazazi sita au saba mnaweza kuiomba hospitali mtu wa kuwafunza pamoja, badala ya kila mmoja kulipia peke yake.

Yule mama wa Moiben kikundi chake kilimpa mtamba mwenye mimba, kwa mapatano kwamba ndama jike wa kwanza atarudi kwa kikundi. Mtoto huenda mjini mara moja kwa mwezi. Siku zingine mama humshikisha kikombe asubuhi na kungoja, hata dakika tano, mpaka atoe sauti ya kuomba maziwa. Mwezi uliopita alitoa.

KABLA YA MKUTANO UJAO

Watu wawili waende hospitali ya karibu waulize siku za kupima watoto kwa ajili ya kadi, na karatasi zinazohitajika. Mmoja aulize bei ya tiba mahali pawili, si pamoja. Mweka hazina afungue kitabu. Na wanaume wa kikundi wajibu wenyewe, bila kusaidiwa na wake zao: katika zile safari za mjini, ni nani humbeba mtoto?