Jumatano: Kukana kwa Kiapo

Soma Mathayo 26:57-75. Usiku ule watu wawili walijibu kwa kiapo. Kila mmoja alisema nini, na jibu lake lilimgharimu nini?

Kuhani mkuu alimwapisha Yesu aseme kama yeye ndiye Kristo. Yesu, aliyekuwa amenyamaza mbele ya mashahidi wa uongo, alijibu kweli, na kwa jibu hilo akahukumiwa kufa. Nje uani hakuna hakimu aliyemwapisha Petro. Kijakazi alisema tu kwamba alikuwa pamoja na Yesu Mnazareti. Petro akaleta kiapo mwenyewe ili aaminiwe, akaokoa maisha yake kwa saa chache, kisha akatoka nje akilia.

Kukana kwa kiapo ni kuacha, mbele ya mashahidi na kwa jina la Mungu, imani, haki au utii uliokuwa nao. Zamani huko Uingereza mhalifu aliyekimbilia kanisani aliweza kuungama kosa lake na kuapa kwamba ataondoka nchini, wala hatarudi bila ruhusa ya mfalme. Mabaraza ya kanisa nayo yaliwadai walioitwa wazushi wakane mafundisho yao. Mwaka 1415 huko Konstanz, Huss alikataa kukana, akachomwa moto. Rafiki yake Jerome alichoka gerezani akakana. Lakini baadaye alisimama mbele ya baraza lile lile, akaungama kwamba alijutia kukana kule kuliko dhambi zake nyingine. Naye akachomwa moto mwaka 1416.

Jambo hili halijaisha. Chini ya Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mgeni mtu mzima anayepewa uraia hutakiwa kuukana uraia wake wa awali na kuapa utii kwa Jamhuri. Wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972 na kuishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipitia njia hiyo. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa, lakini vyeti vilichelewa hadi mwaka 2014. Kwa miaka kadhaa wengi wao walikuwa wamekwisha kuikana nchi moja, na cheti cha nchi nyingine hawajakishika mkononi.

Soma Luka 11:24-26, Waefeso 2:19, Wafilipi 3:20. Kuna hatari gani kukana mambo ya kale bila kupokea mapya?

Nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu haikai tupu. Wakati wa ubatizo tuliulizwa kama tunaukana ulimwengu na njia zake za dhambi, na katika pumzi hiyo hiyo kama tumempokea Kristo. Maswali hayo mawili hayatengani. Anayeacha pombe, matambiko na hirizi bila kukaa na Kristo kila siku amebaki mpakani. Tena katika Kristo hatusubiri cheti: anayemwamini amekwisha kuwa mtu wa nyumbani mwa Mungu.

Sisi tulioko Mbulu na Hanang tunajua mahali nadhiri ile inapoulizwa upya. Msiba umetokea, ukoo umekusanyika, pombe imepikwa, wazee wamepanga tambiko. Au kuna mgogoro wa mpaka wa shamba, na ndugu anatakiwa aape kwa desturi ya ukoo. Mara nyingi hakuna atakayesema, “Mkane Yesu.” Watasema tu, “Na wewe si mmoja wa wale?” Ni swali la kijakazi. Kumheshimu baba na mama ni amri ya Mungu, na tunaweza kuchimba kaburi, kuteka maji na kulia pamoja na ndugu zetu. Lakini anapoulizwa Bwana wetu ni nani, jibu letu na liwe ndiyo (Mathayo 5:33-37).

Na aliyekwisha kukana je? Soma Yohana 21:15-17. Yesu hakumdai Petro kiapo kingine cha kufuta kile cha kwanza. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, kisha akampa kondoo wa kuchunga. Mlango huo ungali wazi kwa ndugu aliyeacha kuja kanisani kwa sababu anaona aibu.

Maswali ya Kujadili

1. Yesu alijibu alipoapishwa na kuhani mkuu. Je, hilo linatusaidiaje kuelewa Mathayo 5:34 na Yakobo 5:12 tunapoitwa kutoa ushahidi mahakamani?

2. Katika kijiji chako, ni desturi zipi za ukoo ambazo Mkristo anaweza kushiriki kwa dhamiri safi, na zipi zinamkana Kristo?

3. Taja moyoni mtu mmoja aliyerudi nyuma. Darasa lenu litamwendea lini, nanyi mtamwuliza nini kwanza?