Kiongozi wa Wafanyakazi Akiingia Serikalini, Nani Anabaki na Wafanyakazi?



Somo letu la leo linahusu viongozi wa vyama vya wafanyakazi walioingia katika siasa. Wengine walikuwa madiwani, wengine wabunge, wengine mawaziri. Wako waliofika hata kuwa marais wa nchi.

Mtu atauliza: "Hayo yanatuhusu nini sisi wakulima?" Yanatuhusu sana. Sisi tunaochuma karafuu na kulima mpunga na muhogo nasi tuna vikundi vyetu na vyama vya ushirika. Tuna wenyeviti, makatibu na washika fedha. Na mara nyingi uchaguzi ukikaribia, mwenyekiti wetu ndiye anayetaka udiwani au uwakilishi. Basi tufanye nini? Tumzuie? Tumwache aende? Au abaki na viti vyote viwili?

Soma polepole. Kama mnasoma katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wafuatilie.

MANENO YA SOMO

Chama cha wafanyakazi: umoja wa watu wanaofanya kazi ya kuajiriwa, ili wadai haki zao pamoja.
Shirikisho: vyama vingi vilivyoungana kuwa kitu kimoja.
Mgomo: wafanyakazi kuacha kazi kwa pamoja mpaka madai yao yasikilizwe.
Usuluhishi: kupatanisha pande mbili zinazogombana.
Kima cha chini: mshahara mdogo kabisa ambao sheria inaruhusu mtu alipwe.

1. NGUVU YA CHAMA INATOKA WAPI?

Tuseme msimu wa karafuu umefika. Mchumaji mmoja anamwendea mwenye shamba na kumwambia, "Niongeze bei ya pishi." Mwenye shamba atamjibu, "Kama hutaki, wapo wengine." Mchumaji yule hana la kusema tena.

Lakini wakienda wachumaji hamsini kwa sauti moja, mwenye shamba atakaa chini asikilize. Anajua karafuu hazingoji. Zikishafunguka maua mtini, thamani yake imepungua. Hiyo ndiyo nguvu ya chama. Haitoki kwa mwenyekiti, inatoka kwa wale hamsini waliosimama nyuma yake.

Zanzibar ina mfano mkubwa wa jambo hili. Mwezi wa Agosti 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja waliacha kazi. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini bei za vitu zilikuwa juu na ujira ulikuwa mdogo. Wafanyakazi wengine wa mjini wakawaunga mkono, na mwezi wa Septemba mgomo ukaenea mjini. Watu wale hawakuwa na mali wala vyeo. Walikuwa na umoja tu, na serikali ya kikoloni ililazimika kuwatazama kwa jicho jingine.

2. KWA NINI VIONGOZI HAO WALIINGIA SIASA?

Sababu zilikuwa tatu.

Kwanza, chama kilikuwa shule. Katibu wa chama alijifunza kuandika kumbukumbu za mkutano, kuhesabu ada na kusema mbele za watu. Hizo ndizo kazi za mwanasiasa pia.

Pili, watu walimjua. Aliyewatetea kazini, walimwamini hata kwenye sanduku la kura.

Tatu, mambo mengi ya wafanyakazi yaliamuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Chama kiliweza kuomba nyongeza ya mshahara, lakini sheria ya kazi ilitungwa barazani. Na wakati wa ukoloni mwajiri mkubwa alikuwa serikali yenyewe. Kwa hiyo kudai haki kazini na kudai uhuru yalikuwa mambo yanayokaribiana sana.

3. MFANO WA TANGANYIKA: RASHIDI KAWAWA

Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa 1926 katika sehemu za Songea. Alikuwa mfanyakazi wa serikali ya kikoloni na kiongozi wa chama cha Waafrika waliofanya kazi serikalini. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliunda Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, kwa kifupi TFL. Kawawa akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza.

Zamani zile mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kuwa mwanachama wa TANU. Kawawa alichagua kuacha kazi ya serikali, akaingia katika mapambano moja kwa moja. Mwaka 1960 aliteuliwa Waziri wa Serikali za Mitaa. Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa ndiye aliyeshika nafasi hiyo.

Hapa ndugu msomaji tusome kwa makini. Katibu wa wafanyakazi sasa ni mkuu wa serikali. Je, wafanyakazi walipata nini?

Walipata mambo ya maana. Mwaka 1962 serikali ilitunga sheria ya malipo kwa mfanyakazi anayeachishwa kazi, na ikaweka kima cha chini cha mshahara.

Lakini mwaka huohuo wa 1962 serikali ya Kawawa ilipitisha pia sheria za kubana migomo. Kila mgogoro wa kazi ulitakiwa kupita kwanza katika usuluhishi na katika baraza la kuamua. Kugoma kihalali kukawa kugumu mno. Kumbe yule aliyewahi kuongoza vyama vinavyogoma, sasa anafunga mlango wa mgomo!

Je, aliwageuka wenzake? Tusihukumu haraka. Kawawa na wenzake walisema nchi ni changa na maskini, na migomo itaizuia kujijenga. Viongozi wengine wa wafanyakazi hawakukubali. Mmoja wao alikuwa Christopher Kasanga Tumbo wa chama cha wafanyakazi wa reli, aliyeongoza mgomo mkubwa wa reli wa 1960. Yeye aliacha wadhifa wake wa ubalozi London mwaka 1962 na kuanzisha chama cha upinzani. Baadaye aliwekwa kizuizini.

Mwaka 1964 mambo yalifika mwisho. Januari askari wa Tanganyika waliasi. Baada ya maasi yale viongozi wengi wa wafanyakazi walikamatwa na TFL ikavunjwa. Mahali pake sheria iliunda chama kimoja tu, NUTA. Katibu Mkuu wa NUTA hakuchaguliwa na wanachama. Aliteuliwa na Rais. Aliyeteuliwa ni Michael Kamaliza, ambaye wakati huohuo alikuwa Waziri wa Kazi.

Fikiri kidogo. Mfanyakazi ana malalamiko dhidi ya serikali. Anayapeleka kwa Katibu wa chama chake. Katibu anatakiwa ayapeleke kwa Waziri. Lakini Katibu na Waziri ni mtu mmoja! Atajiandikia barua mwenyewe? Wahenga walisema: mpanda farasi wawili hupasuka msamba.

4. MFANO WA KENYA: TOM MBOYA

Tom Mboya alizaliwa 1930. Alikuwa mkaguzi wa afya wa halmashauri ya mji wa Nairobi, na huko ndiko alikoanza kuwaunganisha wafanyakazi wenzake. Mwaka 1953, akiwa bado kijana sana, alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya. Mwaka 1955 wachukuzi wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya alikwenda kusaidia mazungumzo, na wafanyakazi wakapata nyongeza kubwa ya ujira.

Mwaka 1957 wapiga kura wa Nairobi walimpeleka katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Kazi. Mwaka huo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia saini mapatano ya kumaliza ugomvi kwa kuzungumza kwanza. Baada ya uhuru Mboya aliendelea kuwa waziri mpaka alipouawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969.

Tunaona kuwa Mboya naye, alipokuwa waziri, alitaka migomo ipungue. Kiti kinambadilisha mtu. Si lazima awe mbaya. Ila kazi yake sasa ni nyingine. Jana alimdai mwajiri, na leo anadaiwa.

5. KWETU ZANZIBAR

Kwetu kulikuwa na tatizo la namna yake. Kabla ya Mapinduzi ya 1964 vyama vya wafanyakazi viligawanyika kwa mistari ya vyama vya siasa. Shirikisho moja, ZPFL, lilikuwa karibu na Afro-Shirazi. Jingine, FPTU, lilikuwa upande wa Hizbu, na Abdulrahman Babu alipotoka Hizbu mwaka 1963 akaunda chama cha Umma, viongozi wengi wa shirikisho hilo walimfuata.

Matokeo yake nini? Wachukuzi wawili wanabeba magunia bandari moja, kwa ujira uleule, lakini hawakai mkutano mmoja. Mwajiri alikuwa na furaha gani!

Katibu Mkuu wa ZPFL alikuwa Hassan Nassor Moyo, aliyekuwa fundi seremala. Baada ya Mapinduzi aliingia katika Baraza la Mapinduzi na akashika vyeo vya uwaziri. Vyama vya wafanyakazi vyenyewe havikudumu. Viliunganishwa kuwa kimoja, kisha shughuli zake zikawekwa chini ya chama kilichotawala. Baada ya CCM kuzaliwa 1977, wafanyakazi wa Bara na Visiwani waliwekwa katika JUWATA, nayo ilikuwa jumuiya ya chama hicho. Vyama vya wafanyakazi vinavyojitegemea vilirudi baadaye, wakati nchi ilipoingia tena katika vyama vingi mwaka 1992.

Lakini habari ya Mzee Moyo haikuishia hapo. Sisi wa Pemba tunajua siasa ilivyotuumiza. Baada ya uchaguzi wa 1995 majirani waliacha kuzikana, kualikana harusini, hata kununua katika duka la mwenzao. Maridhiano yalipoanza Novemba 2009, Mzee Moyo aliongoza kamati ya watu sita ya kuyasimamia. Julai 2010 wananchi wa Zanzibar walipiga kura ya maoni, na wengi wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mwaka 2015 chama chake kilimfukuza uanachama. Alifariki 2020.

Mtu aliyeanza katika vyama vya wafanyakazi vilivyogawanyika alikuja uzeeni kufanya kazi ya kuunganisha. Hilo nalo ni somo.

6. NA BAADA YA HAPO?

Jambo hili halikwisha. Margaret Sitta alikuwa Rais wa Chama cha Walimu Tanzania. Mwaka 2006 akawa Waziri wa Elimu, yaani upande unaojibu madai ya walimu.

Kenya, Wilson Sossion alikuwa Katibu Mkuu wa chama cha walimu, KNUT. Mwaka 2017 chama cha ODM kilimteua kuwa mbunge, naye akabaki na ukatibu. Ukazuka mzozo mrefu juu ya mtu mmoja kushika viti viwili. Mwaka 2021 aliacha ukatibu.

Zambia, Frederick Chiluba alikuwa mwenyekiti wa shirikisho la wafanyakazi. Mwaka 1991 alichaguliwa kuwa Rais. Serikali yake iliuza mashirika mengi ya umma, na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Brazili, Luiz Inácio Lula da Silva, aliyekuwa fundi wa kiwandani na kiongozi wa wafanyakazi wa vyuma, alianza urais 2003 na akarudi tena 2023.

7. TUNAJIFUNZA NINI?

Hatusemi kiongozi wa kikundi asigombee. Nchi inahitaji watu waliofunzwa na kazi. Mtu aliyechuma karafuu akikaa barazani, angalau anajua pishi ni nini.

Tunasema hivi: yeye akienda, kiti cha chama kibaki kwa wanachama. Kosa la NUTA halikuwa kwamba kiongozi alipata uwaziri. Kosa ni kwamba wafanyakazi hawakubaki na mtu wao wenyewe wa kuwasemea mbele ya waziri huyo.

Basi katika kikundi chetu tunaweza kuandika kanuni nne:

(a) Kiongozi anayegombea cheo cha siasa ajiuzulu kwa barua kabla ya kampeni.
(b) Akabidhi daftari, mhuri na fedha mbele ya mashahidi, na makabidhiano yaandikwe.
(c) Fedha za kikundi zisitumike kwa kampeni ya mtu yeyote.
(d) Akishinda, tumwalike kikundini kama mgeni, tumpe madai yetu kwa maandishi, na nakala tubaki nayo.

Hiyo nakala ni muhimu. Sisi sasa tunajua kusoma na kuandika. Zamani kiongozi aliweza kutuambia, "Hamkusema hivyo." Leo tunafungua daftari.

Na tukumbuke la mwisho: kikundi kisiulize mtu ni wa chama gani cha siasa. Mvua ikinyesha juu ya jamvi la karafuu, hainyeshei chama kimoja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nguvu ya mwenyekiti wa chama inatoka wapi?
2. Taja jambo moja jema na jambo moja lililowabana wafanyakazi katika sheria za 1962.
3. Kwa nini ni vigumu mtu mmoja kuwa Katibu wa wafanyakazi na Waziri wa Kazi?
4. Vyama vya wafanyakazi vya Zanzibar viliumia vipi kwa kugawanyika?
5. Je, kikundi chenu kina kanuni juu ya kiongozi anayegombea udiwani? Kama hakina, mngependa iandikwe vipi?

ZOEZI

Andika barua fupi ya mistari minane. Jifanye wewe ni katibu wa kikundi cha wachumaji karafuu. Unamwandikia diwani mpya, aliyekuwa mwenyekiti wenu. Mpongeze kwanza, kisha mweleze madai mawili ya kikundi. Usisahau tarehe, anwani na sahihi.

Someni barua zenu kwa sauti mkutanoni. Palipo na kosa, sahihishaneni kwa upole. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.