Somo: Binti wa Jikoni

Hadithi ya binti anayeteswa na mama wa kambo iko kila mahali. Wachina waliiandika katika karne ya 9: Ye Xian aliuliwa samaki wake, akahifadhi mifupa, nayo ikampa mavazi na viatu vya dhahabu. Mfaransa Perrault alichapisha ya kwake mwaka 1697.

Lakini tuangalie vizuri. Ye Xian alikuwa binti wa mkuu wa watu wake. Yule wa Perrault, binti wa muungwana. Walirudishiwa tu cheo walichonyang'anywa. Je, aliyezaliwa bila cheo?

Huyo tunaye. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akatembeza vyungu vya kuuza. Hakuna mfalme aliyemtafuta kwa kiatu! Alihamia mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akarekodiwa Bombay, kwa Kiswahili chetu. Aliimba hata juu ya wanyonge walioonewa mahakamani.

Swali la kujadili: Hapa Mwisenge, binti wa ndugu aliyeletwa kutoka kijijini kutusaidia kazi anakula pamoja nasi, au baada yetu? Na shule, anakwenda?