Yai la Kupakwa Juu: Jinsi Ninavyomlisha Mtoto Mwenye Mzio wa Mayai

Mwanangu alikuwa na miezi 8 nilipomlisha yai kwa mara ya kwanza. Nililichemsha, nikaliponda pamoja na kiazi, nikampa vijiko vitatu. Hata kibakuli sijakiosha, midomo ilishaanza kuvimba na shingoni vimemtoka vipele kama ameumwa na siafu. Akatapika yote. Tulimkimbiza hospitali kwa bodaboda, akapewa dawa, tukawekwa pale saa kadhaa akiangaliwa. Vipimo vya baadaye vikathibitisha kuwa ana mzio wa mayai, au aleji kama tunavyosema mtaani.

Sasa ana miaka 3, na yai la kukaanga halijawahi kunitisha, kwa sababu naliona. Linalonitisha ni lile lililopakwa, lililochanganywa, au lililobaki kwenye kijiko cha mtu mwingine.

Nilijifunza hilo kwenye skonzi. Hapa Tanga kuna mama mmoja jirani anayeoka skonzi nzuri sana, laini, zinang'aa. Nilimuuliza mapema, "Mama, unaweka mayai?" Akanijibu, "Hapana mwanangu, mayai bei gani siku hizi?" Mtoto akala nusu tu, vipele vikarudi. Jioni nikaenda kwake, tukakaa barazani tukahesabu pamoja: unga, sukari, hamira, maziwa, mafuta. Yai hamna. Nilipoinuka kuaga, nikaona kikombe kidogo karibu na jiko, kina brashi ndani. "Ah, hilo napaka juu tu, zing'ae," akasema. Yule mama hakunidanganya. Kwake kuweka ni kuweka ndani ya unga, kupaka ni jambo jingine. Aliumia kuliko mimi, na tangu siku ile hunitengea skonzi zangu nne anazozipaka maziwa.

Tangu hapo nimebadilisha swali. Siulizi tena kama mtu anaweka mayai. Nauliza, "Leo jikoni kwako yai umelitumia kwenye nini?" Swali hilo humfanya mpishi akumbuke kila kitu, mpaka sufuria na mwiko. Kwa muuza chipsi ndilo lililoniokoa. Chipsi kavu hazina yai, lakini kijiko kilekile hugeuza chipsi mayai, na wengine hukaangia katlesi zilizochovywa kwenye yai katika mafuta yaleyale ya viazi. Kwa hiyo chipsi mwanangu anakula za nyumbani.

Habari njema ni kwamba jiko letu la Pwani lina vyakula vingi visivyohitaji yai hata kidogo. Bajia za kunde, viazi karai, kalimati, visheti, mihogo ya nazi, ndizi mbivu za tui, wali na mchuzi wa samaki, ugali na dagaa: vyote hivi mapishi yake ya kawaida hayana yai. Vitumbua vya asili ni mchele, tui, hamira, sukari na iliki. Chapati za maji na mkate wa kumimina ndivyo vya kuuliza sana, maana wengi huongeza yai ili vilainike.

Kilichonisumbua ni katlesi. Ramadhani bila katlesi nyumbani kwetu haiwezekani, na sikutaka mtoto akae kwenye mkeka wa futari anatazama sahani asiyoruhusiwa kuigusa. Jibu nililipata kwa muuza viazi karai. Nilisimama pale nikitazama anavyochovya viazi kwenye uji wa unga wa dengu wenye manjano na chumvi, navyo vinatoka vimevaa vizuri kabisa. Nikarudi nyumbani kujaribu. Za kwanza zilipasukia kwenye mafuta zikawa rojo, kwa sababu nilizichovya zikiwa za moto. Sasa nikishazifinyanga, naziacha zipoe kabisa kwa saa moja hivi. Nachukua vijiko vinne vikubwa vya unga wa dengu, naongeza maji kidogo kidogo mpaka uji ushike mgongo wa kijiko, nachovya katlesi, naivingirisha kwenye chenga za mkate, naitia kwenye mafuta yaliyopata moto. Usiigeuze mpaka uone ukingo wake umekauka. Kababu nazo nazishikiza kwa kiazi kilichopondwa. Mwaka huu nyumba nzima tumekula katlesi hizi, na wageni hawakujua tofauti.

Kwa keki, pahali pa yai moja mimi huweka robo kikombe cha ndizi mbivu iliyopondwa, au robo kikombe cha mtindi. Ndizi huacha ladha yake, mtindi hauachi. Keki ninayoitegemea zaidi haina hata maziwa: kikombe kimoja na nusu cha unga wa ngano, kikombe kimoja cha sukari, kijiko cha chai cha bekin soda, chumvi kidogo na iliki. Nachanganya, kisha naongeza theluthi ya kikombe cha mafuta, kijiko kikubwa kimoja cha siki na kikombe kimoja cha maji au tui jepesi. Siki ikikutana na soda inatoa povu, na povu hilo ndilo linaloinua keki, hivyo itie kwenye oveni upesi, nyuzi 180, dakika 30 hadi 35.

Vitu vya pakiti nasoma maandishi madogo kila ninaponunua, hata kama ni biskuti zilezile, maana viwanda hubadilisha mchanganyiko. Natafuta "egg", "albumen", "ovalbumin" na "lysozyme". Mayonezi ni yai. Aiskrimu na tambi, soma kwanza.

Daktari alinieleza jambo ambalo ningependa kila bibi alisikie: protini nyingi zinazoleta mzio zimo kwenye ute, lakini ute na kiini havitenganishiki kabisa, kwa hiyo "nimempa kiini tu" si salama. Baadhi ya protini hizo hazivunjiki kirahisi kwa kuchemshwa. Ni kweli wapo watoto wanaovumilia yai lililookwa ndani ya keki, na wengi mzio huu huwaisha kabisa wanavyokua, lakini kujaribu hufanywa mbele ya daktari. Usijaribu jikoni kwako.

Miezi 9 ilipofika niliogopa chanjo ya surua, nikihofia mambo ya mayai. Daktari akanihakikishia kuwa mzio wa mayai si sababu ya kuikosa, mtoto akapewa kama watoto wengine, salama. Ya kuulizia ni chanjo ya homa ya manjano, ambayo hutengenezwa kwa kutumia mayai ya kuku. Kama mnasafiri, mwambie muuguzi mapema.

Usiogope kuwa mtoto atakosa lishe. Dagaa, samaki, maini, maharage, kunde na maziwa vinatosha kujenga mwili wake, ilimradi apate kwa zamu kila wiki.

Chekechea nimeandika karatasi, imebandikwa ukutani: asile yai wala kitu chochote kisichotoka kwenye kibakuli chake. Chini yake nimeandika dalili za hatari: kuhema kwa shida au kifua kutoa mluzi, sauti kukauka, ulimi kuvimba, kutapika mfululizo, kulegea ghafla. Hapo hakuna kusubiri wala kumpa maziwa ya kukata sumu. Ni hospitali moja kwa moja, kwa sababu dawa ya hali hiyo ni sindano ya adrenalini, na kila dakika ina thamani.

Wanaonipa kazi kubwa ni watu wanaompenda mwanangu. Kwetu yai ni zawadi ya mtoto. Mgeni akifika, mtoto wake huchemshiwa yai kabla hata chai haijaiva. Nakuomba, wewe unayesoma, hata kama nyumbani kwako hakuna mwenye mzio: kabla hujamtia mtoto wa mwenzako kitu mdomoni, muulize mama yake. Na ukiulizwa umepikaje, taja kila kitu, mpaka kile ulichopaka juu.