Namna ya Kuongoza Kazi ya Wengi: Funzo la Mwethya wa Makindu

Mwanafunzi anayekabidhiwa dhamana ya kuwaongoza wenzake katika safari ya mafunzo ya usimamizi wa miradi aghalabu huanza na karatasi: hupanga siku, hugawa kazi, huandika majina katika miraba, kisha huamini kuwa mambo yatakwenda kama yalivyochorwa. Karatasi hiyo ina faida yake, wala sikusudii kuitweza, kwani Henry Gantt, mhandisi wa Kimarekani aliyeipa umashuhuri michoro ya namna hiyo katika miaka ya 1910, aliwafaa watu wengi wenye kazi kubwa. Lakini yeyote atakayekwenda Ukambani, akakaa na watu wanaojenga kwa mikono yao ukuta wa mawe katikati ya mto usio na maji, atatambua upesi kwamba uongozi una sehemu nyingine isiyochoreka, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa kwa manufaa ya mwanafunzi atakayepewa kazi kama niliyopewa mimi.

Makindu ni mji mdogo wa Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa, karibu kilomita 170 kutoka Nairobi, na milima ya Chyulu haiko mbali nao. Nchi hiyo hupata mvua mara mbili kwa mwaka: ile ya Machi hadi Mei, ambayo haina amana, na ile ya Oktoba hadi Desemba, ambayo wakulima huitumainia zaidi. Baina ya misimu hiyo mito mingi hukauka, ikabaki njia pana za mchanga, na akina mama huchimba mashimo katika mchanga huo ili wapate maji ya kunywa. Kutokana na hali hiyo ndipo yalipoenea mabwawa ya mchanga, ambayo leo yamejengwa kwa mamia katika Kitui na Makueni: ukuta wa mawe na simiti husimamishwa juu ya mwamba kukata mto, mafuriko huleta mchanga mzito ukatua nyuma ya ukuta, tope jepesi likapita juu na kwenda zake, na baada ya msimu mmoja au michache nafasi yote ikajaa mchanga, ambao nao hushika maji kiasi cha robo ya ujazo wake au zaidi, yakasalimika na jua kali. Miongoni mwa walioieneza kazi hiyo ni Joshua Mukusya, ambaye pamoja na majirani zake alianzisha kikundi cha Utooni mwaka 1978. Kikundi tulichokwenda kufanya kazi nacho kilikuwa cha aina hiyo, yaani mwethya, ushirika wa kazi ambao Wakamba wameujua tangu zama za mababu.

Jambo la kwanza, basi, kwa atakayeongoza safari kama hii, ni kuhesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka kwenye mvua, si kwa kwenda mbele kutoka siku ya kuwasili. Ukuta usiokuwa imara mafuriko ya Novemba huubomoa. Na simiti, kwa hesabu ya mafundi, huhitaji siku 28 kupata nguvu iliyokusudiwa, ilhali kwa muda huo ukuta sharti unyweshwe maji usije ukapasuka. Siku hizo hazipunguki hata ukiwaleta watu mia. Waweza kuongeza mikono ukaharakisha kukusanya mawe, kuchimba msingi na kujenga, lakini kukomaa kwa simiti hakuna mkono unaoweza kukuharakisha. Kwa hiyo mpango mzima hauna budi kusimama juu ya kipindi hicho kisichokubali kubanwa, na mengine yote yakajipanga nyuma yake. Katika darasa letu tulifundishwa kukitafuta kipindi cha namna hiyo kwa mishale na duara nyingi ubaoni. Mto ulinionyesha maana yake kwa uwazi zaidi, maana wazee waliotangulia pale walikuwa wakitazama mawingu ya upande wa mashariki huku wakiuliza msingi umefika wapi.

Jambo la pili ni kuingia kwa mlango wa wenyeji. Mwenyekiti wa kikundi kile alikuwa mama wa makamo, ambaye watu wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Mwaitu, kama Wakamba wanavyomwita mama kwa heshima. Asubuhi tulipofika mtoni, baada ya salamu na kuulizana habari za safari na za nyumbani, alinitazama akaniuliza:

"Mwanangu, hawa wenzako wamekuja kufanya kazi, au wamekuja kutazama kazi?"

"Tumekuja kufanya kazi, Mwaitu."

"Basi majina yao yaingie daftarini kama yetu."

Daftari lenyewe lilikuwa la shule, lenye kurasa za mistari, limefungwa kwa mfuko wa nailoni lisiloe. Katibu wa kikundi aliliandika kwa mkono mzuri: jina, siku, na kazi aliyoifanya kila mmoja. Asiyefika humtuma mtu wa nyumba yake badala yake, au hulipa kazi hiyo siku nyingine. Na mambo hayo hayasemwi kwa ukali, yanasomwa tu mbele ya wote kabla ya watu kutawanyika. Majina yetu yaliposomwa jioni ya kwanza, pamoja na mawe tuliyoyabeba na mitungi tuliyoijaza, niliona wenzangu wakijinyoosha. Palikuwa na mmoja wetu, kijana mwenye nguvu nyingi na maneno mengi, ambaye jina lake lilisomwa na mbele yake pakatajwa kazi kidogo kuliko ya msichana mdogo kuliko wote kundini. Hakuna aliyecheka wala aliyemkemea, na kesho yake alikuwa wa kwanza mtoni.

Kuna ilimu nyuma ya daftari hilo. Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, profesa wa uhandisi wa kilimo, alipima nguvu za watu wanaovuta kamba, mmoja mmoja na kwa makundi, akachapisha matokeo mwaka 1913: kadiri kundi lilivyokuwa kubwa ndivyo nguvu ya kila mtu ilivyopungua, hata watu 8 wakivuta pamoja kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu anazozitoa akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo hutokana na kutovuta kwa wakati mmoja, na sehemu nyingine hutokana na mtu kujificha katika wingi. Mwethya umetibu maradhi yote mawili bila ya kumsikia Ringelmann: kwa wimbo na mdundo huwavutisha watu kwa pamoja, na kwa daftari humwondolea kila mmoja pa kujifichia. Kwa hiyo namnasihi kiongozi mwanafunzi asidharau kuandika. Aandike kazi ya kila mtu kwa insafu, aisome hadharani kila jioni, asiongeze sifa wala lawama juu yake, na ataona kwamba hahitaji kupaza sauti.

Sasa nije kwenye shina la maneno yangu. Kujenga ukuta wa mawe ni kazi ya mnyororo. Mawe hutolewa kilimani, hupangwa ukingoni, hushushwa kwa mikono ya watu waliosimama mstari mpaka kwa mwashi. Upande wa pili mchanga na simiti huchanganywa kwa koleo juu ya bati, na mchanganyiko ukapelekwa kwa karai. Na maji ya kuchanganyia huletwa na punda katika mitungi ya lita 20 kutoka mahali pa mbali. Mwashi amesimama katikati ya haya yote na mwiko wake, uzi wake na timazi yake, naye ndiye mtu wa pekee ambaye hawezi kusaidiwa na kila mtu, kwa kuwa jiwe lililolazwa vibaya leo litavuja miaka yote. Kazi ya kiongozi ni kuhakikisha kwamba mwashi hangojei kitu.

Nilijifunza kusikiliza mwiko. Karai ikiwa imejaa, mwiko huingia ndani kwa sauti nzito, kama mtu akatavyo ugali. Mchanganyiko ukipungua, chuma hukwaruza chini ya karai, na sauti hiyo ni ishara kwamba dakika chache zijazo mwashi atasimama, watu wa mawe watasimama nyuma yake, mazungumzo yataanza, na kuurudisha moyo wa watu kazini kutakuwa kazi ya pili. Mara nyingi sababu haikuwa simiti wala mchanga. Ilikuwa maji. Wenzangu wote walipenda kubeba mawe, kwa kuwa jiwe huonekana, mtu hulibeba begani watu wakamshangilia, ilhali anayekwenda na punda hupotea kwenye vichaka saa nzima, akarudi na vumbi, na hakuna aliyemwona akitoka jasho. Hapo ndipo uongozi unapopimwa. Palipo pembamba katika mnyororo ndipo kiongozi anapotakiwa kusimama, hata kama hapana fahari. Nami nilishika kamba ya punda, nikamwomba mmoja wa wabeba mawe hodari afuatane nami, na baada ya safari ya pili wengine wakawa wanauliza zamu yao ya maji ni lini. Laiti ningaliamrisha tu, nadhani wangalikwenda, lakini wangalikwenda kama waliohukumiwa.

Nchi ya Ukambani inajua tofauti ya kazi ya amri na kazi ya hiari kuliko nchi nyingi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa madai ya kuokoa udongo, maelfu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa, mpaka serikali ikalegeza amri yake, ingawa Muindi mwenyewe alikamatwa akapelekwa Lamu kuzuiliwa. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, na wenye mashamba walilijua hilo. Lililokataliwa lilikuwa namna ya kuamrishwa. Baadaye, watu walipojichagulia viongozi wao na kufanya kazi kwa mwethya, na wanawake wakiwa wengi katika vikundi hivyo kwa kuwa wanaume walikwenda mijini kutafuta kazi, matuta ya kuzuia mmomonyoko, yaitwayo fanya juu, yalienea milimani pasi na mjeledi. Watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, waliieleza habari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1994 juu ya Machakos, wilaya ambayo wakati huo wa uchunguzi wao ilikuwa imebeba na Makueni ndani yake, wakaonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu walizidi mara tano na zaidi, na ardhi ikatengenea badala ya kuharibika. Mwanafunzi mwenye kwenda huko na mpango uliokwisha kuandikwa Nairobi na aisome historia hii kabla hajafungua kinywa chake.

Juu ya ugomvi nitasema machache. Hutokea, watu wakichoka na jua likiwa kali, neno dogo huwa kubwa. Mchukue mhusika kando, umsikilize kwanza, usimwaibishe mbele ya wenyeji, na ukitoka hapo mpe kazi yenye heshima. Zaidi ya hayo subira inatosha.

Lakini siwezi kuiacha Makindu bila ya kutaja hekalu la Masingasinga lililo kando ya barabara, lililojengwa mwaka 1926 mahali ambapo Masingasinga waliofanya kazi ya reli walikuwa wakikusanyika kwa ibada. Msafiri yeyote, wa dini yoyote, huvua viatu, hufunika kichwa, huketi, akapewa chakula bila malipo. Tulipokuwa tukirudi tulisimama hapo, na wenzangu wakala chapati na dengu kwa njaa ya watu waliotoka kazini. Mimi niliyaelekeza macho yangu kwa waliokuwa wakigawa. Mtu mmoja alipita na chapati, mwingine na dengu, wa tatu akiondoa sahani, na kila mmoja alitazama alipotoka mwenzake, akaingia penye pengo bila ya kuitwa. Haikuwapo sauti ya bwana mkubwa. Iko, bila shaka, kamati inayonunua unga na kuhesabu magunia, tena lazima iwe na hesabu nzuri, kwa maana mlango haujui leo utapita watu wangapi. Lakini mgeni haioni kamati hiyo, anaona sahani yake imejaa. Nilifurahi kuona kwamba hayo niliyoyatafuta mtoni yalikuwa yakitendeka hapo kila siku mbele ya madereva wa malori.

Limebaki la ripoti. Chuo huitaka, mwalimu huipa alama, na wengi huiandika wakiwa wamekwisha kurudi, katika chumba chenye feni, kwa maneno makubwa juu ya ushirikiano. Iandike pale pale, ungali na katibu wa kikundi karibu. Mimi niliandika rasimu yangu, nikamwomba anisikilize nikiisoma, naye alinisimamisha mara kadhaa: mawe ya siku ya mvua ya manyunyu yalikuwa machache kuliko nilivyosema, mama mmoja aliyekuja kwa zamu ya mumewe alistahili kutajwa kwa jina lake mwenyewe, na simiti iliyochelewa barabarani ilichelewa nusu siku, si siku nzima. Nikasahihisha yote mbele yake. Kisha tukafanya nakala mbili, moja nikaileta kwa mwalimu, na ya pili Mwaitu akaifunga katika ule mfuko wa nailoni pamoja na daftari, akasema ataisoma katika mkutano wa mwethya kabla ya mvua, ili waliokosa kufika wajue kazi imefika wapi na nani ana deni la siku yake.