ZOLOTO LIKITOLEWA, MTU HUSEMAJE?

Katika somo la ala za sauti tulifunzwa kwamba ndani ya koo mna zoloto, na ndani ya zoloto mna nyuzi za sauti. Hebu weka vidole kooni utamke "sss", kisha "zzz". Umehisi? Sauti ya kwanza ni sighuna, nyuzi zimetulia. Ya pili ni ghuna, nyuzi zinatetemeka. Irabu zetu zote tano ni ghuna. Je, mtu aliyetolewa zoloto lote kwa sababu ya saratani atasemaje?

Swali hili si la darasani tu. Katika ploti yetu hapa Baba Dogo yuko mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji huo. Miezi ya kwanza alisema kwa midomo tu. Nao mdomo peke yake haumudu sauti ghuna: b husikika kama p, d kama t, g kama k. Siku moja tulikuwa tukirudi kutoka mjini. Makanga akamwuliza, "Mzee, unashukia wapi?" Akajibu "Baba Dogo", lakini kilichosikika kilikuwa kama "Papa Toko". Abiria wakaangua kicheko. Mzee akageukia dirisha, na kwa muda mrefu baadaye hakupanda matatu tena.

Upasuaji wenyewe si mpya. Daktari Theodor Billroth aliufanya Vienna mwaka wa 1873 kwa mgonjwa wa saratani. Baada yake mtu hupumua kwa tundu lililo chini ya shingo. Pua ikikosa hewa, harufu hupotea: hajui maziwa yamechacha wala gesi inavuja. Vumbi nalo huelekea mapafuni bila kuchujwa, ndiyo maana mzee hufunika tundu kwa kitambaa chepesi. Anapooga huchunga maji yasiingie. Hata kuinua mzigo ni taabu, kwa kuwa sisi huziba pumzi kooni tunapojikaza, na yeye hana cha kuzibia.

Hata hivyo usemi haujafa. Ziko njia tatu za kuurudisha:

1. Kuvuta hewa kidogo hadi kwenye umio na kuirudisha juu kama anayebeua, nyama za koo zitetemeke.
2. Kushika shingoni kifaa cha betri kinachotetemeka.
3. Kuwekewa vali ndogo kati ya koo la hewa na umio. Wamarekani Blom na Singer waliitangaza njia hii mwaka wa 1980. Hutoa sauti nzuri, ila vali huchakaa na kubadilishwa kila mara, na hiyo ni gharama.

Mzee wetu alijifunza ya kwanza, ambayo haina bei ila subira. Sasa ananiita, "Mjukuu, njoo!" kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, maneno mawili matatu kwa pumzi moja.

Hapo ndipo nimeona kwamba daktari huokoa uhai, lakini utamu wa maisha uko pia mikononi mwetu wasikilizaji. Punguza redio. Tazama midomo yake. Usimmalizie sentensi. Usimpigie kelele, yeye si kiziwi. Na akizimia, usizibe shingo yake: pumzi ya kumwokoa hupitia kwenye tundu lile, si mdomoni.

Vijana wenzangu, sigara ndiyo chanzo kikubwa cha saratani hii, na pombe huongeza hatari. Kenya ilitunga sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka wa 2007, lakini sheria haikushiki mkono kibandani. Sauti ikikwama kwa zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali mapema.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Tusicheke.

ZOEZI
(a) Taja konsonanti tano sighuna.
(b) Tamka jina la mtaa wenu kwa kunong'ona. Mwenzako aandike alichosikia.
(c) Ungekuwa abiria siku ile, ungefanya nini?